Mwanafunzi wa data dukani? Mchukue
Stetimenti ya till yako inajua mengi kuliko daftari la madeni, ila nani ana muda wa kuisoma? Mwanafunzi wa takwimu anayetafuta atachimenti anao. Akikupangia malipo kwa siku na saa, utaona kama kufungua saa 11 alfajiri kunalipa ama unachoma stima bure. Mimi naona hiyo ni kazi bora kuliko kumtuma chai, vile wengi hufanya.

Lakini PIN usimpe, hata akiwa mtoto wa dada yako. Pakua stetimenti mwenyewe, ufute majina na nambari za wateja kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe wa kibanda. Na nauli mlipie.