Mtaka cha Mvunguni

Kuna elimu moja ambayo kijana wa Migori na Homa Bay huikanyaga kwa miguu kila asubuhi aendapo shuleni, na jioni hurudi nyumbani bila ya kuitolea hata salamu. Elimu hiyo ni elimu ya ardhi. Wataalamu wameigawa katika matawi mengi. Jiolojia huchunguza miamba, umri wake na jinsi ilivyofanyika. Jiofizikia hupima nguvu za dunia zisizoonekana kwa macho, kama mvutano, sumaku, umeme na mitetemo, ili kukijua kilicho chini kabla ya kukichimbua. Ninaandika insha hii kuitetea elimu hiyo na kuwashitaki wanaoidharau. Katika mashitaka haya sitamwacha nje mzazi, wala mwalimu, wala wewe msomaji.

Ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari anataka kuwa nani, aghalabu atajibu kuwa daktari, wakili au rubani. Majibu hayo ni mema, wala sina ugomvi nayo. Lakini ni wangapi hujibu kwamba wanataka kuijua nchi iliyowazaa, mwamba kwa mwamba? Wahenga walisema kuwa penye miti hapana wajenzi. Naogopa kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yetu.

Tazama kwanza utajiri wenyewe. Miamba ya Migori ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika ya Mashariki. Umri wake unapita miaka milioni 2,500. Ukanda wake hauutambui mpaka uliochorwa na wanadamu, bali umevuka na kuingia Tanzania. Ndani yake imo dhahabu, katika mishipa ya mawe meupe, na mahali pengine pamoja na miamba ya chuma yenye milia. Huko Macalder palikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu uliokuwa mkubwa hata katika miaka ya 1950 maporomoko ya Gogo katika mto Kuja yakafungwa kwa bwawa ili kuupatia umeme. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1966, lakini watu wa Nyatike wanachimba mpaka leo kwa sururu na nyundo.

Ukitoka Migori kwenda Homa Bay unaacha habari za dhahabu na kuingia katika habari za moto. Mlima Homa, vilima vya Ruri na milima ya Gwasi ni mabaki ya volkeno zilizozimika. Katika Mlima Homa na Ruri upo mwamba wa ajabu uitwao kabonatiti, ambao kwa asili yake unafanana na chokaa, lakini ulipanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka. Mwamba wa namna hiyo hupatikana mahali pachache duniani. Genge la Kaniamwia, linaloikabili bonde la Lambwe, ni ukingo wa ufa mkubwa wa ardhi, na Ghuba ya Winam imelala ndani ya ufa huo. Majivu ya volkeno ya kale ndiyo yaliyofukia na kuhifadhi mifupa katika kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Jambo la karibu zaidi lilitokea Nyayanga, katika rasi ya Homa. Mwenyeji mmoja aliyekuwa akifanya kazi na wataalamu ndiye aliyewaonyesha mahali ambapo mawe yaliyochongwa na mifupa vilikuwa vikifunuliwa na mmomonyoko. Mwaka 2023 habari zake zilitangazwa ulimwenguni kote, kwamba zana zile za mawe zina umri wa miaka baina ya milioni 2.6 na milioni 3. Umri huo ulijulikanaje? Sehemu moja ya ushahidi ilitoka katika sumaku ya dunia. Katika historia ndefu ya dunia, ncha za sumaku zimegeuka mara nyingi, ya kaskazini ikawa ya kusini; na udongo ulipotuama ulishika alama ya mwelekeo wa zama zake. Anayejua kuzisoma alama hizo huusoma udongo kama wewe usomavyo kitabu. Basi jicho la mwenyeji ndilo lililoona, lakini maabara zilizosoma zilikuwa mbali. Je, ni lazima iwe hivyo daima?

Hebu tujiulize ni nani aliyeandika habari za nchi yetu. Taarifa juu ya jiolojia ya ukanda wa dhahabu wa Migori iliandikwa na Robert Shackleton, ikatolewa mwaka 1946. Ya nchi ya Gwasi iliandikwa na McCall, ikatolewa mwaka 1958. Hao walikuwa wageni waliotembea kwa miguu juani, wakavunja mawe na kuchora ramani. Siwalaumu hata kidogo. Mtu halaumiwi kwa kusoma kitabu alichokikuta wazi. Ninayemlaumu ni mwenye kitabu, aliyekifanya kiti cha kukalia.

Wapo watakaonijibu, na ni haki yao. Nitazitaja hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza husema kuwa dhahabu ni bahati, wala haihitaji shule. Hoja hii ndiyo inayowatoa vijana madarasani na kuwapeleka mashimoni. Kijana huona mwenzake amepata fedha kwa siku moja, naye hutupa daftari. Haoni siku nyingine tisini ambazo mwenzake huyo alitoka mikono mitupu. Mshipa wa dhahabu haukai ardhini kwa bahati. Umekaa katika nyufa, kwa mwelekeo na mwinamo unaoweza kupimwa kwa dira na kuandikwa. Asiyeupima huchimba kwa kubahatisha, na hachunguzi kama paa la shimo lake ni mwamba mzima au mwamba uliochoka. Shimo likiporomoka, jamaa husema ni kudura. Mimi nasema kudura isisingiziwe kazi ya ujinga.

Tena iko habari ya zebaki. Mawe husagwa, mchanga huoshwa, kisha zebaki hutiwa ili iishike dhahabu. Halafu bonge lile huchomwa motoni, zebaki ikapaa kwa mvuke. Mvuke huo hauonekani, lakini huingia mapafuni, ukadhuru ubongo, neva na figo, na hudhuru hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Zebaki iliyomwagika hufuata maji; na huko majini vijidudu huigeuza kuwa sumu inayokusanyika katika samaki. Mto Kuja unakwenda wapi? Unakwenda Ziwa Viktoria. Basi mchimbaji asiyejua kemia ya kazi yake huweza kumlisha sumu mvuvi asiyemjua, na mwishowe sumu hiyo humrudia yeye mwenyewe sahanini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaifanyia dhihaka. Husema hivi: elimu ya madini ni elimu ya kampuni, ramani hutangulia, kisha huja waya wa kuzungushia mashamba. Katika historia jambo hilo limetokea kweli, na mtu aliyenyang'anywa shamba hawezi kuambiwa kuwa ameota. Lakini tazama hoja hiyo inakotupeleka. Ikiwa ramani ni silaha, je, aliyeumizwa nayo ataokoka kwa kukataa kujifunza kuisoma? Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inasema kuwa katika mrabaha unaolipwa kwa ajili ya madini, sehemu 70 kwa mia ni ya serikali kuu, 20 ni ya kaunti, na 10 ni ya wananchi wa mahali yanapochimbwa. Haya, wananchi wa mahali watapewa kumi kwa mia. Kumi kwa mia ya nini? Ni nani kati yao aliyepima tani zilizotoka? Ni nani anayejua tani moja ina gramu ngapi za dhahabu? Haki ya mtu asiyejua kuhesabu imo mikononi mwa yule anayemhesabia. Wanasheria watatusomea kifungu. Lakini kiasi chenyewe kitapimwa na mjuzi wa miamba, na mjuzi huyo akiwa mtoto wa hapo hapo, mizani itaogopa kusema uongo.

Hoja ya tatu ni ya wazazi: elimu hiyo haina kazi. Mzazi anayesema hivyo aulize maji anayokunywa yametoka wapi. Kisima kirefu hakichimbwi Kenya kwa kibali bila ya uchunguzi wa maji yaliyo chini ya ardhi. Mtaalamu hupigilia vyuma ardhini, hupitisha umeme na kupima jinsi ardhi inavyoupinga. Mwamba mkavu na mzima huupinga sana. Mwamba uliopasuka na kujaa maji huupitisha kwa wepesi zaidi. Udongo wa mfinyanzi nao huupitisha, na ndiyo maana kipimo peke yake hakitoshi pasipo akili ya kukifasiri. Mwanafunzi anayelalamika kuwa kanuni ya Ohm haina faida ajue kuwa kanuni hiyo ndiyo inayosaidia kuamua kama akina mama wa kijiji watateka maji karibu au watatembea nusu siku. Tena katika nchi za volkeno maji yanaweza kuwa na floridi nyingi. Ikipita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huanza kuharibika. Ni lazima awepo mtu wa kuyajua hayo.

Au mzazi aitazame taa yake. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke huko Olkaria vilichimbwa katika miaka ya 1950, visifanikiwe. Wajuzi hawakuitupa kazi. Walirudi, wakapima tena, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya hutoka katika joto la ardhi. Homa nako ziko chemchemi za maji moto. Sisemi kuwa chini yake umo umeme. Nasema kuwa swali hilo halijibiwi kwa kutamani, bali kwa kupima, na kupima ni kazi yenye mshahara.

Hoja ya nne husema kuwa elimu hii huua masimulizi ya wazee. Chukua ziwa la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kuwa palikuwa na kijiji, na siku ya karamu akaja bikizee akiomba hifadhi, akafukuzwa. Usiku maji yakakizamisha kijiji, akasalimika mwanamke mmoja aliyemtendea wema. Mwanajiolojia husema kuwa shimo la ziwa ni kasoko, lililopasuliwa na nguvu ya volkeno. Je, mmoja akisema kweli mwingine ni mwongo? La, hasha. Mzee anakufundisha usimfukuze mgeni. Mjuzi anakufundisha jinsi shimo lilivyofanyika. Wote wawili wamekubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba mahali hapo paliwahi kutokea jambo kubwa. Waliolitazama ziwa hata wakalitungia kisa walikuwa watazamaji wazuri kuliko sisi tunaolipita kwa gari bila ya kugeuza shingo.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ni yako wewe msomaji: hesabu ni ngumu. Ni kweli, ni ngumu. Lakini si hesabu peke yake inayotakiwa. Hutakiwa pia uaminifu wa kuandika. Mwaka 1932 Louis Leakey alipata taya la mtu wa kale huko Kanam, katika rasi ya Homa, akadai kuwa ni la zamani mno. Mwaka 1935 Profesa Percy Boswell, mwanajiolojia wa London, alikuja kupatazama mahali penyewe. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kuwa alama havikuwapo tena, na picha moja ikaonekana kuwa ni ya mahali pengine. Leakey hakuweza kuonyesha kwa hakika taya lilitoka wapi, na Boswell akatangaza hivyo mbele ya ulimwengu wa wanasayansi. Mtu mwenye akili kubwa alifedheheka kwa kukosa alama ndogo. Mali bila ya daftari huisha bila ya habari, na elimu vile vile.

Basi anza na daftari. Huna haja ya kungoja chuo kikuu ili uanze. Ukiona jiwe katika kingo za mto, andika siku, mahali, rangi, uzito, na kama sumaku hulivuta. Kisima kikichimbwa kijijini, omba uone udongo unaotoka, uandike unabadilika katika kina gani. Mto ukifurika, weka alama ya maji ukutani na tarehe yake. Kisha shikilia hesabu, fizikia, kemia na jiografia kama mtu ashikavyo kamba ya kumtoa kisimani, na siku ya kuchagua masomo ya chuo usione haya kuitaja jiolojia au jiofizikia. Nawe msichana, usikubali kuambiwa kuwa nyundo ya mawe ni ya wanaume. Fuvu la Rusinga halikumwuliza Mary Leakey kama yeye ni mume au mke.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wageni waliinama katika nchi yetu, wakaona. Wachimbaji wetu wanainama kila siku, lakini wengi wameinama gizani. Tunamngoja kijana atakayeinama na taa mkononi, ainuke na alichokiona, kisha arudi kijijini kwao akakiseme kwa lugha inayofahamika na mama yake.