Pini aweke mteja, sio kompyuta

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo nasema jambo ambalo wengine hamtalipenda. Ile huduma ya kugeuza anwani kuwa pini kwenye ramani, mafundi wanaiita jiokodi, ukiifunga kwenye tovuti yako halafu ukaiamini asilimia mia, itakula hela yako ya boda.

Kwa nini? Wateja wetu hawaandiki anwani, wanaandika maelekezo. "Mbagala, nyuma ya msikiti, geti la bluu." Bodaboda anaelewa. Kompyuta inashika neno Mbagala tu, inatupa pini katikati ya Mbagala, na wewe unadhani imepata. Google wenyewe kwenye jibu la namna hiyo huandika APPROXIMATE, yaani makadirio. Ukiliona hilo neno, usitume mzigo.

Ni kweli, tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba. Ila muulize mteja namba ya nyumba yake uone kama hatatoka nje kuiangalia kwanza.

Msimamo wangu: jiokodi kazi yake iishie kufikisha ramani mtaani. Hapo mteja aburuze pini mwenyewe mpaka getini, abonyeze "Ni hapa". Chini weka sehemu ya namba ya simu na alama ya jirani.

Ukiifunga, shika haya:

👉 Nominatim ya OpenStreetMap ni bure, ila seva yao ya wote mwisho ni ombi 1 kwa sekunde. Hifadhi majibu, usiulize anwani ileile kila siku.

👉 Google wanataka akaunti ya malipo. Fungia ufunguo wako wa API kwenye tovuti au seva yako tu, na weka kikomo cha maombi kwa siku. Mwingine akiutumia, bili ni yako.

👉 Dar ni kama -6.8, 39.28. Ukisahau ile alama ya kutoa, pini inaangukia Ethiopia. Ukigeuza namba, inaangukia Hispania!

Najua mtasema mteja atachoka, ataondoka. Kuburuza pini ni sekunde kumi. Mzigo ukirudi, nauli unalipa mara mbili, na mteja aliyesubiri mpaka jioni keshanunua kwa mwingine. Sisi wenye mitaji midogo hiyo hasara hatuimudu.

Haya, kwako wewe pini anaweka nani?