Mtoto asijifiche nyuma ya wengi

Katika darasa la watoto sitini, asiyeelewa kugawanya hujifunza kwanza kunyamaza. Kwa hiyo twayasifu masomo ya hesabu na ya uandishi wa programu yatolewayo kwa intaneti kwa watoto wanne au watano tu. Humo mwalimu humwita kila mmoja kwa jina, naye hueleza jinsi alivyofikiri. Programu ikikataa kwenda, hakuna fimbo wala kicheko: mtoto hutafuta hatua iliyokosewa, huirekebisha, hujaribu tena.

Twajua megabaiti ni ghali na umeme hukatika. Lakini Scratch, programu ya kujifunzia iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, ina Kifaransa na Kiswahili, na ikishawekwa katika kompyuta hutumika bila intaneti. Basi intaneti iwe ya saa ya mwalimu. Mazoezi yafanyike baadaye.

Twasihi faida hii isibaki kwa wenye uwezo peke yao. Kijana mwenye kompyuta na awaite watoto wanne wa jirani, wasichana kwa wavulana. Kompyuta moja yawatosha, mradi kila mmoja apate zamu yake.