Mtalii, Mwenyeji na Lugha katika Mji Mkongwe wa Unguja

Mjadala kuhusu utalii katika Mji Mkongwe wa Unguja umeegemea zaidi fedha na majengo. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 2020, kilio kilisikika mbali. Makala haya yanadai kwamba upo urithi mwingine unaomomonyoka bila kishindo, nao ni lugha ya wenyeji.

Kwanza, mtalii hufuata nini? Wapo wanaofuata fukwe za Nungwi na Paje. Hata hivyo, anayepita vichochoro vya Shangani hadi Mkunazini, lilipokuwapo soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatafuti jua; anatafuta watu na historia yao. Neno lenyewe ni ushahidi. Mtalii na mtaala ni ndugu: yote mawili yana asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kusoma na kupitia kwa makini. Mtalii, basi, ni msomaji.

Pili, msomaji huyo husomeshwa nini? Aghalabu ni "jambo" na "hakuna matata", misemo iliyoenezwa na wimbo "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms la Kenya mwaka 1982, na baadaye filamu The Lion King ya mwaka 1994. Katika hujambo, kiambishi hu- hubeba nafsi na ukanushi. Kikiondolewa, hubaki nomino tupu isiyomlenga mtu. Nayo "hakuna matata" haina kosa la sarufi, ila Mwunguja katika mazungumzo yake husema hamna tabu. Ajabu ni kwamba hayo hutendeka pale pale penye lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu.

Ipo hoja kwamba biashara haihitaji sarufi. Hoja hiyo haitoshi. Shikamoo na marahaba hupanga umri na heshima. Mgeni asiyefundishwa hayo hubaki nje ya jamii, akionekana mfuko wa fedha tu. Wenyeji wamekwisha kuitambua hali hiyo, kwani vijana wanaowaandama watalii wamewapa jina la papasi, mdudu anyonyaye damu.

Uwezo wa kurekebisha upo. Zanzibar imekuwa ikiwafundisha wageni Kiswahili tangu TAKILUKI ilipoanzishwa mwaka 1979. Inafaa mafunzo ya waongozaji watalii yajumuishe maamkizi na adabu za Kiunguja, na mabango ya mjini yatangulize Kiswahili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayeuza chumba huku akiificha lugha yake hajapona bado.