Tunaenda Kutembea Tu

Mwezi wa saba uliopita, bibi yangu na mimi tulipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Hatukuwa na matanga ya kuhudhuria, wala bidhaa ya kuuza, wala mgonjwa wa kumfuata. Tulikuwa na siku sita za likizo, mfuko mmoja wa nguo, chupa nne za mafuta, na hamu ya kuona milima ambayo wazee wa mtaa wetu huitaja kila wanapokumbuka ujana wao. Kwenye kizuizi cha kwanza tu, likizo ikageuka kuwa somo la isimu.

"Munaenda kufanya nini kule?" afisa akauliza.

"Tunaenda kutembea, papa."

"Kutembea gani? Kuko matanga?"

"Hapana."

"Kuko ndoa?"

"Hapana, papa."

"Munauzisha nini?"

"Hatuuzishi kitu."

Akamgeukia bibi yangu. "Mama, sema weye. Munafwata nini?"

"Tunafwata kuona milima, papa."

Alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. Akafungua daftari lake, akaitazama safu ya sababu ya safari, iliyochapwa kwa Kifaransa, akaandika: commerce. Basi katika kumbukumbu za Serikali sisi ni wafanyabiashara. Kwenye kizuizi cha pili tuliulizwa hayo hayo na kudaiwa ordre de mission. Kwenye cha tatu nilikuwa nimechoka, nikasema tunakwenda kwenye matanga. Tulipewa pole, tukapita bila kutoa hata faranga. Bibi yangu hakunisemesha kwa muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kwa nyuma, "Sasa umeua nani?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini uongo ule ulieleweka na ukweli haukueleweka. Maoni yangu ni haya: hatuna mahali, si katika daftari wala katika Kiswahili tunachofundishwa, pa kumweka Mkongomani anayesafiri kuiona nchi yake. Na sisi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu katika kosa hilo.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili chetu cha Maniema, kutembea si lazima kwenda kwa miguu. Mtu anaweza kutembea Kindu, kutembea Bukavu, kutembea kwa shangazi yake, na akapanda chochote. Rafiki yangu Mtanzania nilipomwandikia kwamba "tunaenda kutembea na moto", alinijibu kwa kicheko: tunatembeaje tukiwa tumekaa, na huo moto tumeubeba wapi? Kwake moto huunguza. Kwetu, kupitia Kifaransa, moto ni pikipiki. Tulicheka wote. Lakini shuleni mambo haya hayachekewi. Kutembea kwetu husahihishwa kwa wino mwekundu, na mahali pake tunapewa neno utalii.

Na mtalii ni nani katika vitabu vya shule? Ni mgeni, mara nyingi Mzungu, mwenye kofia na kamera, anayepelekwa kwenye wanyama. Sikumbuki zoezi hata moja la shuleni ambamo mtalii alikuwa fundi wa Kasongo aliyempakia mke wake nyuma ya pikipiki. Ajabu ni kwamba neno lenyewe halikuanzia huko. Talii limetoka katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kusoma, kupitia maandishi kwa makini, na Kiswahili cha pwani nacho kilikitumia kwa maana ya kusoma na kudurusu kabla neno halijahamia hotelini. Kwa asili yake, basi, anayetalii ni msomaji. Tunasema hatuna utalii Maniema kwa sababu hatuna hoteli. Je, hatuna pia cha kusoma?

Hata hivyo sitaki kumwonea afisa yule. Kadiri nilivyolifikiria swali lake, ndivyo nilivyoona kwamba lina historia. Njia ya Kasongo na Kabambare ni ya zamani, na karibu kila mgeni aliyeipita alikuwa akifuata kitu. Misafara ya kutoka Zanzibar ilifuata pembe za ndovu na watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliitawala Kasongo, na maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20 ni safari baada ya safari, kila moja na hesabu yake ya pembe. Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu. Alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Wabelgiji waliiteka Kasongo mwaka 1893, nao wakafuata yao. Siku hizi watu wanafuata dhahabu ya Namoya. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza, Tim Butcher, alipita hapa juu ya pikipiki akitokea Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Alifuata nyayo za Stanley, na kitabu chake, Blood River, kilichotoka 2007, kimebeba damu katika jina. Pikipiki zile ziliendeshwa na Wakongomani. Walichokiona wao njiani bado kinangoja kuandikwa.

Na Kiswahili chenyewe, lugha ninayoipenda na ninayoandikia hapa, kilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, pamoja na minyororo. Neno safari tulilipokea kutoka kwa watu waliokuja kuchukua. Kwa hiyo anayeuliza "munafwata nini?" anauliza kile ambacho babu zake walipaswa kuuliza. Watu wawili wanaopita bila kuchukua kitu ni jambo geni katika njia ile.

Je, sisi hatukuchukua kitu? Hapa ndipo niliponyamazishwa. Siku ya tatu tulilala kijijini, kabla ya Kabambare, kwa mama mmoja mzee, Mbangubangu. Jioni, vilima vilipoanza kuwa vya buluu kuelekea mashariki, ambako nchi inazidi kupanda hadi milima ya Itombwe, nilimwuliza kile kirefu kinaitwaje. Akanitajia. Kisha akanitajia kilichofuata, na kingine, vyote kwa Kibangubangu, na kila jina na sababu yake: huku walikimbilia watu wakati wa vita, huku hapalimwi, huku mvua huanzia. Bibi yangu aliandika majina 11 kwa mwanga wa simu. Tulipomaliza, mama akamwuliza, "Haya majina, mwanangu, mutayapeleka wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ni swali lile lile la kizuizini, ila safari hii lilikuwa la haki zaidi.

Nilijua ninachokificha. Maelezo makubwa ya sarufi ya Kibangubangu ni ya A. E. Meeussen, yaliyochapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1954. Ni kazi ya mtaalamu, na ninaiheshimu. Lakini imeandikwa kwa Kiholanzi. Mtoto wa Kabambare anayetaka kusoma habari za lugha ya mama yake lazima kwanza ajifunze lugha ambayo hajawahi hata kuisikia. Kama majina yale 11 yangeingia katika tasnifu yangu kwa Kifaransa na kubaki rafuni mjini, ningekuwa nimebeba pembe nyingine tu, nyepesi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba ninazungumzia anasa. Hoja ya kwanza itakuwa usalama, na sina haki ya kuipuuza. Katika Kabambare kuna maeneo ambayo makundi yenye silaha yamewafukuza watu makwao, hasa upande wa Salamabila, na sisi wenyewe tulikwenda baada tu ya kuuliza kwa siku kadhaa kwa madereva wanaoijua njia. Penye hatari, mtu asiende. Lakini hoja hiyo isitumike pia kwa siku na vijiji ambavyo watu wanalima, wanaoa na kwenda sokoni. Tukizoea kuitaja Maniema kwa vita peke yake, hata siku za amani tutazipita bila kuziona.

Hoja ya pili itakuwa pesa. Ni kweli, mafuta ya makadhafi yanazidi kuwa ghali kadiri unavyotoka mjini, na tulimlipa kwado mara mbili kwa tairi moja. Lakini fedha ya likizo yetu haikupita ile ambayo vijana wengi hutumia kwa sare za harusi moja. Na wenye pikipiki Kasongo si matajiri. Ni walewale wanaobeba abiria siku sita na kupumzika siku ya saba. Jumapili utawaona wawili wawili wakielekea Tongoni, kwenye Kasongo ya kale. Wanakwenda kupunga upepo, wanasema. Wangapi wameambiwa kwamba tongo ni mahame, mahali palipoachwa, na kwamba karibu na Tanga kuna Tongoni nyingine yenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi? Jina hilo limesafiri kutoka pwani mpaka kwetu, nasi tunalipita kila Jumapili.

Kwa hiyo naleta pendekezo katika kitivo chetu, nalo ni dogo. Kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, kabla ya kumaliza, aende mara moja katika wilaya asiyokuwa na ndugu, penye usalama, bila hojaji. Aende kutembea. Akirudi aandike kurasa chache kwa Kiswahili, na nakala ya kile alichoambiwa airudishe kwa waliomwambia, katika lugha yao. Sisi tumeanza vibaya: niliporudi niligundua kwamba majina yale 11 niliyakagua bila kutia alama za toni, na Kibangubangu, kama lugha nyingi za Kibantu, bila toni kinapoteza nusu ya maana. Itatubidi turudi kwa mama yule, tuyasome mbele yake, atusahihishe. Ndiyo sababu siyachapi hapa.

Siku ya kurudi, afisa wa kizuizi cha kwanza alitutambua. Nilidhani atauliza biashara ilikwendaje. "Basi," akasema, "hiyo milima muliiona?" Bibi yangu akaanza kumweleza. Kumbe amefanya kazi njia ile miaka miwili na hajawahi kufika Kabambare. Alitusikiliza mpaka lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, na daftari hakulifungua.