Kila Kitu Kimelipiwa? Muulize Shangazi

Nilishuka kituo cha Mtito Andei kutoka kwenye ile treni inayosimama njiani, nikiwa na mchanga wa Shanzu ndani ya viatu na ukanda wa plastiki wa buluu mkononi. Kwa siku nne ukanda huo ndio uliokuwa pochi yangu. Ukiunyoosha unapewa chai, samaki, bia, taulo na kiti cha kujianika juani, na hakuna anayekudai shilingi. Shangazi yangu anayeishi Kathekani aliutazama kabla hajanitazama usoni.

"Mwanangu, ulilazwa hospitali gani?"

Nikacheka, nikamweleza. Chama chetu cha kazini kilichanga tangu Januari, tukalipia hoteli ya ufukweni kwa ule mtindo wa bei moja, kila kitu ndani: chumba, chakula, vinywaji, ngoma za jioni, na siku moja ya kwenda Tsavo Mashariki kutazama wanyama. Alinisikiliza huku akipeta ndengu.

"Kila kitu?"

"Kila kitu kimelipiwa, shangazi."

Akaelekeza ungo nyuma ya nyumba. Tangi lake la plastiki, lile la kukinga maji ya paa, lilikuwa limelala ubavu na tundu la upana wa sinia. Udongo ulioizunguka sehemu hiyo ulikuwa bado na unyevu, na juu yake nyayo za duara, kila moja ingeweza kubeba sufuria ya familia. Ndovu walipita usiku wa kuamkia jana. Kiangazi kikikaza, ndovu akinusa maji, plastiki haimzuii.

Tangu siku hiyo maneno hayo matatu, kila kitu kimelipiwa, yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wauza safari wanayatangaza, sisi wenyewe tunayarudia kwenye makundi ya WhatsApp kila Novemba, na wanasiasa wameyapaka rangi nyingine wakayaita neema ya utalii kwa wote. Nasema ni uongo, tena si mdogo. Kilicholipiwa ni kile chenye risiti. Kilichobaki kinabebwa na watu wa Kibwezi Mashariki na Kitui Kusini, ambao wengi wao bahari wameiona kwenye kalenda ya ukutani.

Nianze na maji, maana ndiyo niliyoyafuja zaidi. Kule hotelini nilioga mara tatu kwa siku: kabla ya kuingia bwawani, baada ya kutoka, na usiku kwa sababu ya joto. Sikujiuliza yanatoka wapi. Mombasa na viunga vyake hutegemea sana vyanzo viwili vya mbali. Kimoja ni visima vya Baricho, vilivyochimbwa kandokando ya Mto Sabaki. Na Sabaki ni nani? Ni Athi yuleyule anayetenganisha Kitui na Makueni, aliyeingia mbugani, akapokea Mto Tsavo na kubadilisha jina kuwa Galana, kisha akakaribia bahari kwa jina la tatu, kama mtu anayewakimbia wadai. Chanzo cha pili ni Mzima. Chemchemi zenyewe zimo ndani ya Tsavo Magharibi, Taita Taveta, lakini mvua inayozilisha hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ambavyo Makueni tunavitazama kila asubuhi. Juu ya vilima hivyo hakuna mto hata mmoja. Ni majivu na mawe ya volkano, na tone likianguka linazama moja kwa moja, linasafiri chini kwa chini na kuibuka mbali likiwa safi kama kioo. Bomba la kuyapeleka maji hayo Mombasa lilijengwa miaka ya 1950 na lina urefu unaozidi kilomita 200. Yaani kabla nchi haijapata uhuru, mvua ya kwetu ilikuwa tayari imeshapata usafiri wa kwenda Pwani.

Najua nitakayojibiwa na wasomaji wa Mombasa, nao wana haki. Watu wa Kisauni na Changamwe wanafungua mfereji unakohoa hewa, wananunua mitungi kwenye mkokoteni. Diani nako hutegemea zaidi visima vya Tiwi, kwa hiyo wao siwatii kwenye kesi hii. Sisemi mpwani amemwibia Mkamba maji. Nasema hivi: bwawa la kuogelea la hoteli halikauki. Mitaa inakauka, Kathekani inakauka, wanawake wanachimba mchanga wa mto mkavu hadi mtu anazama mabega ndipo maji yaanze kutoka jasho, punda anasubiri na mitungi minne mgongoni, lakini bwawa la watalii lina maji hadi ukingoni na mtu ameajiriwa kuokota majani yaliyoangukia humo. Bili ya maji hoteli inalipa, sikatai. Ila kwenye bili hiyo hakuna mstari wa kilima kinachoyatunza maji, wala wa mtu aliyekatazwa kulima au kukata miti huko juu ili yasipungue.

Upande wetu tunaambiwa tusubiri Thwake. Ujenzi wa bwawa hilo, pale Mto Thwake unapokutana na Athi, ulianza 2018, na linatarajiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Tarehe ya kulimaliza imesogezwa mara nyingi kiasi kwamba kijijini ukimwahidi mtu jambo usilokusudia, anakuuliza kama ni ahadi ya Thwake.

Tuje kwa wanyama. Siku ile ya mbugani, dereva wa gari letu la kufunguka paa alituonyesha kundi la ndovu wekundu kwa vumbi na kusema kwa fahari, "Hawa ndio ndovu wa Tsavo." Tukapiga picha. Mama mmoja wa chama chetu alitokwa na machozi, na sikumlaumu, kwani ndovu wadogo walikuwa wakijimwagia udongo kama watoto wa chekechea siku ya mvua. Lakini ndovu hana kitambulisho chenye anwani ya Tsavo. Mbuga ilitangazwa 1948 na mipaka ikachorwa na watu. Ndovu hawakutia sahihi. Asubuhi yuko mbele ya kamera yako karibu na Voi, na baada ya siku kadhaa yuko kwenye matikiti maji ya mtu Kathekani, au amevuka hadi Mutha na Kanziko, upande wa Kitui. Mtalii anamwona mchana, akiwa ameshiba. Usiku anaonwa na mkulima mwenye tochi, debe la kupiga kelele na moshi wa pilipili, na mtoto wa mkulima huyo hawezi kutoka kwenda shule kabla jua halijapanda.

Kitui Kusini kuna hata hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,833, iliyotangazwa 1979. Ukisoma ramani utadhani kuna malango, hoteli na foleni za magari. Nenda ukaone. Kuna miiba, wachungaji wanaogombania nyasi, na wanyama wanaopita njia. Kutangazwa kwake kuliongeza rangi ya kijani kwenye ramani, na mwananchi akabaki na ndovu bila mtalii. Huo ndio utalii wetu: Pwani wanapata mgeni, sisi tunapata mnyama.

Sheria ipo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia yake ilipwe shilingi milioni 5, akipata ulemavu wa kudumu alipwe milioni 3, na mazao, mifugo na mali vifidiwe. Karatasi nzuri sana. Lakini muulize yeyote anayepakana na mbuga malipo huchukua muda gani, atakuhesabia kwa madarasa: mtoto alikuwa la nne tulipojaza fomu, sasa yuko sekondari. Kule hotelini malipo yanatangulia na huduma inafuata. Kwetu ndovu anatangulia.

Na msidhani kosa ni kukosa mtu wetu mezani. Wizara ya utalii na wanyamapori iliwahi kushikwa na Wakamba wawili mfululizo, Peninah Malonza aliyewahi kuwa naibu gavana wa Kitui, kisha Alfred Mutua wa Machakos. Wakati wa Bi Malonza, Novemba 2022, wizara ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kwa ukame katika miezi kadhaa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, nami ilinihuzunisha. Lakini mwaka huohuo mbuzi na ng'ombe wa Kitui na Makueni walikufa kwa kiu ileile, na nao hawakupigwa picha.

Hapa kuna kichekesho cha historia. Katikati ya karne ya 19, Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa, yule aliyemkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849 na kumfikisha mahali alipouona Mlima Kenya, alikuwa akipeleka misafara ya pembe Pwani na kurudi na malipo yake. Sitetei pembe, biashara hiyo ilikuwa ya damu na ni vyema ilizikwa. Nasema tu kwamba enzi za Kivoi ndovu wa Ukambani alipofika Mombasa, aliyetoka naye alilipwa. Leo ndovu anauzwa akiwa hai, anauzwa tena kesho na kesho kutwa kwa kila gari linalopita, na anayemlisha hata asante hapati.

"Lakini hoteli zinaajiri vijana wenu." Hilo naambiwa kila nikifungua mdomo, na ni kweli. Aliyenikatia tikiti maji pale hotelini asubuhi ya kwanza alikuwa kijana wa Kibwezi. Alisoma jina langu kwenye orodha, akaniinamia na kuuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Nata?" Nikajibu, "Nesa," na tangu hapo vipande vyangu vilikuwa vinene. Wakamba tumejaa katika hoteli hizo: jikoni, langoni, kwenye sarakasi za jioni, na wachongaji wetu wana ushirika wao Changamwe tangu miaka ya 60. Sasa fuata hesabu hadi mwisho. Machi 2020 ndege zilipozuiwa kwa sababu ya korona, vijana hao walirudishwa nyumbani. Nani aliwalisha? Shamba la akina shangazi, lilelile linalokanyagwa na ndovu. Msimu ukiwa mzuri hoteli inamchukua kijana. Msimu ukiharibika inamrudisha kwa mama yake alelewe hadi wageni waje tena. Ukiniuliza mimi nani anamfadhili nani, nitakuambia ndengu za Kathekani zinaifadhili hoteli.

Na huyo mchongaji, mtindo wa kila kitu ndani ndio unaomkaba. Mgeni aliyelipia maji, bia na ngoma kabla hajapanda ndege hana sababu ya kutoka langoni. Mtindo wenyewe si wetu. Club Med waliuanzisha 1950 kisiwani Mallorca, ukaenda kukomaa Karibea. Sandals walifungua hoteli yao ya kwanza Montego Bay, Jamaica, mwaka 1981. Huko malalamiko ya wenye vibanda na teksi nje ya ukuta ni ya miaka mingi, na ukiyasikiliza unaweza kudhani unamsikia muuza vinyago wa Bamburi. Bahari nyingine, ukuta uleule. Kwa siku nne mimi mwenyewe, Mkamba mwana wa Mkamba, sikununua hata kijiko cha mti. Pochi ilikuwa imefungiwa chumbani.

Kama mnataka kuona kila kitu ndani bila uongo, shukeni Makindu. Hekalu la Masingasinga pale, lililojengwa 1926 kando ya reli, humpa msafiri chakula na mahali pa kulala bila kumuuliza dini wala nauli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula dengu, chapati na chai ya maziwa. Hakuna ukanda wa plastiki. Ukipenda unaacha sadaka; usipopenda hakuna anayekukodolea macho. Pale nimewahi kumwona dereva wa lori, watalii wawili na mzee wa kijijini mwenye fimbo kwenye meza moja.

Siwaambii watu wasiende baharini. Nitarudi, samaki wale walikuwa watamu. Ninachodai kina ukubwa wa mstari mmoja kwenye bili. Kila hoteli tayari inatoa asilimia 2 ya mapato kwa Hazina ya Utalii. Sehemu ya fedha hizo, na sehemu ya kiingilio cha mbuga, ikatwe kwa sheria na ipelekwe kwenye wadi zinazopakana na Tsavo na Chyulu, kwa mabwawa ya mchanga, matangi ya saruji ambayo ndovu hayatoboi, na fidia inayolipwa kabla mtoto hajabadilisha shule. Narok wanakusanya wenyewe mapato ya Maasai Mara, na mwaka 2023 Rais aliahidi kuirudisha Amboseli kwa Kajiado. Kwetu hata ahadi ya kuvunjwa hatujapewa. Nguvukazi si tatizo. Watu wa mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, wamejenga mabwawa ya mchanga Ukambani kwa mawe ya kichwani na wimbo. Kinachokosekana ni saruji.

Jioni ile nilimwomba shangazi kisu nikate ule ukanda, maana ulikuwa umeanza kunikwaruza. Akanizuia. Maafisa walikuwa wameahidi kuja kesho yake kuandika hasara ya tangi, na nakala ya fomu ya mara ya mwisho bado iko chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, imeanza kufifia wino.

"Uache kwanza," akasema. "Wakiona mgonjwa, huenda wakaharakisha."