Wivu Si Kipimo cha Mapenzi

"Asiye na wivu hapendi." Utayasikia maneno haya ndani ya matatu ya Kitui kwenda Mwingi, sokoni Wote na mbele ya vibanda vya matunda Emali. Wanawake huyasema sawa na wanaume. Mimi nasema yanaua, na tumeyavumilia mno.

Tazama yanavyofanya kazi. Mume yuko Mombasa kwa kibarua, mke yuko Makueni na watoto. Saa mbili usiku mume anapiga simu ya video: geuza kamera nione jikoni, nani huyo amekohoa? Baadaye anataka namba ya siri ya simu. Kisha kila pesa inayoingia kwa M-Pesa lazima ielezwe imetoka kwa nani. Shati la shemeji likianikwa uani, ni kesi. Mke akilalamika, mawifi wanacheka: "Shukuru, huyo anakupenda." Basi anaacha kwenda chama, anawakwepa binamu zake, anajifungia ndani ili mume atulie. Tunamsifu kwa uvumilivu. Siku panga litakapochomolewa, hatakuwa na rafiki aliyebaki wa kumkimbilia.

Moyo kuuma ukihisi unasalitiwa ni jambo la kibinadamu, sibishani na hilo. Nabishana na kumlinda mtu mzima kama mbuzi wa kufungwa kamba, halafu kuyaita hayo mahaba.

Mke akiuawa, matangani tunasema, "Alimpenda kupita kiasi." Ukambani tunacho na kisingizio cha pili: kamuti, uchawi wa mapenzi. Eti alirogwa, hakuwa yeye. Kwa hiyo marehemu anazikwa na lawama inabaki kwa mganga asiyejulikana. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 207, inamfikiria mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla damu haijapoa. Kosa lake huhesabiwa kuwa kuua bila kukusudia. Lakini aliyemfuatilia mtu kwa miezi, akamtisha kwa ujumbe, akanoa panga na kungoja giza, ghafla yake iko wapi?

Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kushiriki mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mpenzi wake wa zamani, kwake Trans Nzoia. Alifariki hospitalini Eldoret. Wapo waliosema ni mambo ya wapenzi. Ripoti za wakati ule zilitaja mzozo wa kiwanja. Neno mapenzi lilitumika kufunika suala la nani anamiliki nini, na ndivyo linavyotumika hata kwetu.

Wanaoniudhi kuliko wote ni sisi wazazi na wazee. Msichana anarudi nyumbani na jicho limevimba, na jambo la kwanza tunalowaza ni mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa kimila, waliokwisha kuchinjwa na ngasya, yaani mahari, iliyokwisha kupokelewa. "Rudi kwako, mwanamume wako ana wivu tu." Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kila mmoja wao ana mama, ana shangazi, na wapo waliokwenda kwao kabla ya kwenda kokote.

Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inatambua kumwandama na kumsumbua mtu kuwa ukatili, hata kabla hajapigwa. Hakimu anaweza kumwamuru mtesaji aondoke nyumbani. Mahakama ziko Kitui, Mwingi, Mutomo, Makueni, Makindu, Kilungu na Tawa, na namba 1195 ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili hupigwa bila malipo. Binti akibisha hodi usiku, mzee wa boma amfungulie, ampe kitanda, na kukicha waongozane kituo cha polisi. Habari ya mbuzi itazungumzwa akiwa hai.